Samahani kwa Usumbufu

Asubuhi ambayo lifti ya wageni ilikwama, ukumbi wa mapokezi wa hoteli ulikuwa umefurika. Kulikuwa na mkutano wa madaktari wa meno, masanduku yamerundikwa kila kona, watu wenye vitambulisho shingoni wanaulizana choo kiko wapi, na mtu kamwaga kahawa mbele ya mlango mkuu. Katikati ya zogo hilo fundi wa lifti, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu yenye doa la grisi kifuani, alikuwa amepiga magoti akisikiliza kipaza sauti cha dharura. Alitarajia mayowe. Watu waliofungiwa hupiga mayowe, hutukana, wengine huapa kwenda mahakamani. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mwanamke, nyororo, kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Excuse me. I'm so sorry to trouble you. I was wondering if somebody could possibly open the door."

Fundi akamgeukia mlinzi. "Umemsikia? Yeye ndiye kafungiwa, halafu anatuomba radhi sisi."

"Mgeni huyo," alisema mlinzi. "Wageni ndivyo walivyo."

Fundi akainamia kipaza sauti. "Madam! You wait! I open!"

"Thank you ever so much. Please take your time." Kisha ikasikika pumzi fupi, ya mtu anayejikaza asilie.

Pumzi ile ilimwingia fundi moyoni kabla hajaiona sura ya mwenyewe. "Dada," alisema kwa Kiswahili, "wewe si mgeni."

"Hapana. Mimi ni wa hapa hapa mapokezi. Samahani kwa usumbufu."

"Unaogopa?"

"Kidogo tu. Kama hutajali."

"Woga ni wako, mimi nijali nini? Sikiliza, ukitaka kutoka, sema nataka kutoka. Piga kelele. Mlango huu hufunguka haraka ukipigiwa kelele."

"Si kweli."

"Si kweli, lakini angalau nitajua kuna mtu aliye hai humo ndani."

Akasikia kicheko, kidogo, cha kuibia. Mlango ulipofunguka alitoka msichana aliyevaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikakolea, skafu nyekundu shingoni, nywele zimebanwa nyuma, na jasho jembamba juu ya mdomo. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kiko mkononi.

"Hicho cha nini?" aliuliza fundi.

"Nilitaka kugonga mlango. Halafu nikaona nitasumbua watu."

Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Kuanzia siku hiyo alimwita Tafadhali, na msichana naye akamwita Fundi tu, lakini jinsi alivyolitamka neno hilo, wenzake wa mapokezi walianza kutazamana.

Msimcheke Tafadhali. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani, na mtoto alikua akifuatana naye kwenye nyumba za watu. Kila asubuhi, kabla hawajagonga geti, mama alimfunga vifungo vya gauni na kumwambia yale yale: usiombe kitu, usiguse kitu, ukipewa sema asante. Mtoto alishika maneno hayo kuliko alivyoshika kitu kingine chochote maishani. Alikua mtu mzima bila kujua kusema nataka. Alipoajiriwa hotelini na kupelekwa mafunzo ya Kiingereza cha wageni, akakuta lugha yenye njia chungu nzima za kuomba kitu bila kuonekana unakiomba, akaipenda siku ile ile. Could I. Would you mind. If it's not too much trouble. Akajifunika humo gubigubi.

Fundi naye alikuwa na shida yake. Wenye kampuni, waliokuwa ng'ambo, walitaka kuchagua fundi mmoja wa kwenda kusomea mitambo mipya kwa mwaka mzima, kisha arudi awe msimamizi. Usaili ungefanyika kwa Kiingereza, kwenye ukumbi mdogo wa hoteli ile ile. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha vitabu vya mashine: fungua, kaza, usiguse.

"Nifundishe," alimwambia Tafadhali wakiwa wamesimama nyuma ya jiko la hoteli, mahali wafanyakazi wanapopumzikia.

"Omba kwa Kiingereza."

"Teach me."

"Hiyo ni amri."

"Please teach me."

"Hiyo bado ni amri, umeivalisha tai tu. Sema, I was wondering if you might have time to teach me."

"Mpaka niimalize sentensi hiyo si utakuwa umeshaolewa na mtu mwingine?"

Tafadhali aliangalia vidole vyake. "Basi ifupishe," alisema.

Wakaweka sheria. Kila jioni, Tafadhali akishafika nyumbani, wangepigiana simu, na muda wa somo ungekuwa wa Kiingereza peke yake. Hakuna kucheka, hakuna Kiswahili hata nyumba ikiungua. Atakayevunja sheria anunue chai kesho yake. Na nyumba kweli zilikuwa zikiungua, kwa maana Tafadhali alitunga visa visivyo na huruma. Leo Fundi yuko ghorofani, moto uko mlangoni, aombe maji kwa adabu. Kesho nyoka kaingia ofisini, amwombe bosi ainue miguu. Keshokutwa amekanyagwa na mwanamke mnene kwenye foleni.

"Excuse me, madam," Fundi alisema akijizuia asicheke, "would you mind very much removing your leg from my leg?"

"Foot," alisahihisha Tafadhali, sauti kavu kabisa, huku upande wa pili wa simu akiwa ameuma mto.

Somo likiisha, Kiswahili kilirudi na mapenzi yake. "Umekula, Tafadhali wangu?" "Nimekula. Wewe je, umenawa hiyo grisi?" "Sinawi mpaka uje uninawishe." "Mwone! Kwa Kiingereza hata kijiko huwezi kuomba, kwa Kiswahili domo hilo!" Jumapili moja Tafadhali alimpeleka Fundi nyumbani kwao kumsalimia mama. Mama, mwanamke mdogo mwenye viganja vigumu, alimtazama Fundi akila, akiongea na kucheka kwa sauti ya kutikisa vyombo. Alipoondoka, mama alimwambia binti yake, "Huyo usimwache. Nyumba hii imekuwa kimya mno."

Wiki ya mwisho kabla ya usaili, somo lilikuwa kukataa.

"Kukataa ndiko kugumu," alisema Tafadhali. "Mteja anakuita, wewe uko kwenye kazi nyingine. Ukimwambia no, umempoteza. Mwambie, I'm terribly sorry, but I'm afraid I won't be able to make it today. Perhaps another time? Inatakiwa itoke yenyewe, hata ukiwa usingizini."

"Na yule aliyekataliwa anajibu nini?"

"Anasema, I quite understand. Thank you anyway."

"Hata kama hajaelewa?"

"Hata kama anavuja damu moyoni, mpenzi. Ndiyo adabu yenyewe."

Fundi aliirudia sentensi ile akiendesha pikipiki, akioga, akikaza nati. Ikazoea ulimi.

Siku mbili baadaye mama alianguka jikoni. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali, akawashusha na kurudi kwa watoto wake. Daktari hakuzunguka: mshipa mkubwa wa tumboni umepasuka, anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi, weka sahihi hapa. Tafadhali aliweka sahihi. Kitanda cha magurudumu kilipokuwa kinasukumwa, mama alimshika kifundo cha mkono, akambana kwa nguvu, kisha mlango ukawatenganisha. Tafadhali akabaki kwenye korido na mkoba wa mama kwapani. Hakuwa na ndugu mji ule. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa mji mwingine akitafuta basi.

"Samahani, sista," alimwambia muuguzi aliyekuwa anapita mbio, "kuna mahali naweza kusimama nisiwasumbue?"

Muuguzi hakumsikia. Ndipo alipotoa simu. Ulikuwa muda wa somo, lakini hilo halikumpita kichwani hata kidogo. Alifungua mdomo kujaribu Kiswahili, akasikia kilio kinapanda na neno la kwanza. Akajua akianza kulia ataanguka, na akianguka hapatakuwa na mtu wa mama yake mlangoni pale. Akakimbilia kwenye ile lugha ambayo hajawahi kulia ndani yake.

Fundi alikuwa juu ya jengo moja la ofisi, kwenye chumba cha mota ya lifti, amekaa juu ya sanduku la vifaa akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amejiandaa. Simu ilipoita alitabasamu peke yake.

"Hello. I'm so sorry to bother you," ilisema sauti ya Tafadhali, laini, iliyopangika.

"No bother at all, madam."

"I was wondering if you could possibly come. I'm at the hospital. I'd be grateful to have somebody with me."

Leo kaleta hospitali, aliwaza Fundi. Jana moto, juzi nyoka, leo hospitali. Akakaa wima, akasafisha koo, na sentensi ikatoka yenyewe, bila kosa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifunza. "I'm terribly sorry, but I'm afraid I won't be able to make it today. Perhaps another time?"

Upande wa pili ukawa kimya. Mahali fulani nyuma ya kimya hicho chuma kiligonga sakafu, na Fundi akamsifu mwalimu wake kimoyomoyo kwa kupata hata sauti za hospitali.

"I quite understand," alisema Tafadhali. "Thank you anyway."

Simu ikakatika. Fundi akangoja apigiwe, apewe maksi zake. Alipochoka kungoja akadhani chaji imeisha, akaandika ujumbe, akautuma.

Mama hakutoka kwenye chumba kile akiwa hai. Daktari alikuja korido akiwa ameshavua kofia, na Tafadhali alimshukuru, kwa adabu, mpaka daktari mwenyewe akashindwa kumtazama usoni. Kisha alifungua simu ili ampigie mama mdogo. Juu kabisa ulikuwapo ujumbe wa Fundi, na vikatuni vya kucheka mwishoni: "Nimepata ngapi leo, mwalimu?"

Fundi alipiga kesho yake. Alipiga keshokutwa. Simu iliita mpaka ikachoka. Akawaza upuuzi wote ambao mwanamume mwenye mapenzi huwaza: nimemchosha, kaona ovaroli yangu haina hadhi, kuna daktari wa meno mwenye saa ya dhahabu. Mwishowe alikwenda hotelini amechomekea shati, tayari kwa ugomvi. Kwenye kaunta alikuwapo dada mwingine wa mapokezi, mwenzake Tafadhali.

"Hujui?" dada yule alishangaa. "Kafiwa na mama yake. Jumanne jioni, hospitali, na alikuwa peke yake. Eti alimpigia mtu simu amsindikize, akamwambia hawezi. Watu wengine bwana, wana roho za namna gani?"

Fundi alishika kaunta kwa mikono miwili. Maneno yote yalimrudia, moja baada ya jingine, na kile chuma kilichogonga sakafu. Hospitali. Alisema hospitali.

Alikwenda msibani jioni ile ile. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nje, majirani wanaongea chini chini. Mama mdogo alimpokea mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye Fundi."

Mama mdogo alimtazama kuanzia viatu kupanda juu. "Wewe ndiye uliyesema huwezi kuja."

"Nilidhani ni somo, mama. Huwa tunafanya mazoezi kwenye simu. Nilidhani..."

"Somo!" Mama mdogo aliweka mkono kifuani. "Dada yangu anakufa, ninyi mko darasani? Haya, ingia. Msiba haumfukuzi mtu."

Tafadhali alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa. Alipomwona hakushtuka wala hakulia. Alisimama, akanyoosha gauni lake, akampa mkono.

"Thank you so much for coming," alisema. "It was very kind of you."

Wanawake walinong'onezana jinsi binti alivyolelewa vizuri. Fundi peke yake ndiye aliyejua kwamba amefungiwa mlango usoni.

"Tafadhali wangu, nisikilize. Nilidhani..."

"I know," alisema bila kuinua sauti. "I quite understand. Please, have a seat outside."

Na kweli alielewa, hilo ndilo lililokuwa baya. Kama angedhani Fundi ni katili, angemchukia akapumzika. Lakini alijua vizuri jinsi ilivyokuwa. Alijua kwamba mtu anayempenda kuliko wote alimsikia akiwa kwenye shida kubwa kuliko zote, na hakumsikia. Na alijua ni nani aliyemfundisha asisikie.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa wote wawili. Fundi alikonda. Msimamizi wake alimkuta amekaa chumba cha mota, spana mkononi, hajagusa kitu tangu asubuhi, akamuuliza kama anaumwa, akajibu haumwi. Kila jioni, muda wa somo, alipiga simu. Upande wa pili Tafadhali alikaa kwenye kochi sebuleni, simu iko juu ya goti, inaita, inawaka, inazima. Alimtaka. Niseme wazi kwa sababu yeye hakusema. Alimtaka mpaka mbavu zilimuuma, alitaka sauti ile ya kutikisa vyombo ndani ya nyumba ile, na mkono wake haukunyanyuka. Asubuhi alifunga skafu nyekundu, akaenda kazini kuwauliza watu wengine awasaidie nini.

Mara mbili Fundi alikuja mpaka kaunta.

"Good morning, sir. How may I help you?"

"Usinifanyie hivyo."

"I'm afraid I don't have any messages for you, sir. Have a lovely day."

Mara ya pili alikunja ngumi juu ya kaunta, akasema, "Nitukane basi! Nitukane, nipige hata makofi, lakini usiniambie have a lovely day!" Tafadhali aligeuka kuchukua ufunguo wa mgeni, na ufunguo ulimdondoka, lakini Fundi alikuwa ameshatoka.

Ndipo ikafika siku ya usaili, ambao wenye kampuni walikuwa wameusogeza mbele. Fundi hakutaka kwenda. Msimamizi wake alimsukuma kama gari bovu mpaka kwenye mlango wa hoteli, amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti inaishia juu ya vifundo. Alipita mapokezi bila kuinua macho.

Wasaili walikuwa watatu, mwenyekiti wao mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Walimuuliza habari za mota, za breki, za nyaya, akajibu. Kiingereza kilitoka kizuri, laini, chenye adabu, na kila sentensi ilimchoma kwa sababu alijua ilitoka mdomoni mwa nani. Mama wa miwani aliridhika waziwazi. Alimwonyesha simu iliyokuwa mezani. Kazi hii kubwa yake ni simu, alimweleza. Sasa hivi atapiga mteja. Mteja ana haraka, anataka uje. Wewe uko kwenye kazi nyingine, huwezi. Mkatalie bila kumuudhi.

Najua unachotaka kusema, lakini fikiria mwenyewe. Wageni wale walihitaji mtu wa kuigiza mteja, mwenye Kiingereza kizuri, na wakauliza mapokezi. Hoteli ile ilikuwa na sauti moja tu ya namna hiyo. Tafadhali alipewa karatasi yenye mistari miwili na kuambiwa aisome kila wakati akipewa ishara, na tangu asubuhi alikuwa amewasomea mafundi wanne. Hakuambiwa majina. Lakini huyu wa tano alikuwa amemwona akipita na suti ya kuazima.

Simu ikaita. Fundi akapokea.

"Hello. I'm so sorry to bother you." Karatasi haikuanza hivyo. Ulimi ndio ulioanza hivyo. Kisha akasoma mstari kwa sauti iliyokuwa inapasuka pembeni: "Could you possibly come? It's rather urgent."

Chumba kizima kilimtazama Fundi. Sentensi ilikuwapo kwenye ulimi wake, nzima, tayari, haina kosa. I'm terribly sorry. Hata usingizini. Aliifungua midomo, na midomo ikakataa.

"I'm coming," alisema.

Mama wa miwani alitikisa kichwa akitabasamu, akanong'ona kwamba hapana, huwezi kwenda, uko kwenye kazi nyingine.

"I'm coming," Fundi alirudia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nakuja. Nakuja sasa hivi, umenisikia? Usikate." Akaweka simu mezani bila kuikata, akawaambia wasaili sorry, neno moja bila mapambo, akatoka. Mama wa miwani akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita fundi anayefuata.

Aliteremka kwa ngazi, mbio. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa kama kawaida, mzee mmoja mwenye kofia na mke wake wamesimama kaunta wakingoja ufunguo. Tafadhali alikuwa bado ameshika simu sikioni. Alipomwona aliiweka chini, akanyoosha skafu.

"Good afternoon, sir. How may I..." Sauti ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Rudi juu."

"Sirudi."

"Nimesema rudi juu, mpumbavu wewe! Unajua tumeisomea kazi hii tangu lini? Rudi uwaambie umechanganyikiwa!"

"Nimekuja."

"Umekuja leo!" Alipiga kaunta kwa kiganja, na ukumbi mzima ukageuka. "Leo sina mgonjwa! Leo sina mtu ndani ya chumba! Nilisimama kwenye ile korido nimekumbatia mkoba, watu wananipita, sijui hata niegemee ukuta gani, nikakupigia wewe. Wewe! Ukaniambia another time!"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nilikuambia hivyo." Hakusema alidhani ni somo. Hakusema kitu kingine chochote.

"Ungeisikia sauti yangu."

"Ningeisikia."

"Ungeisikia hata kama nazungumza Kichina!"

"Ningeisikia, mpenzi. Sikuisikia."

Tafadhali alikuwa analia sasa, kwa sauti, pua inachuruzika, skafu imekwenda upande. "Na mimi ningesema njoo," alisema. "Neno moja. Njoo, mama anakufa. Mtoto wa miaka miwili analijua. Mama yangu anakufa nyuma ya mlango, nami naomba radhi kwa kukusumbua. Nitamwambia nini mama? Niliona aibu kukuita?"

Fundi alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaushika mkono wake, na mkono ule haukukimbia.

Mzee mwenye kofia alikohoa. "Excuse me, miss, if it's not too much trouble, might we have our key?"

"Wait," alisema Tafadhali, bila kumgeukia.

"Sasa unataka nini?" Fundi alimuuliza kwa upole. "Niambie chochote."

"Kama hutajali, ningependa..." Akafuta pua kwa skafu ya hoteli. "Kitanda cha mama bado kipo chumbani. Mama mdogo amesharudi kwake. Siwezi kuingia mle, nalala kwenye kochi. Nataka ukakifungue."

"Lini?"

"Leo. Nikitoka kazini. Na usinitume nikae nje."

Jua lilikuwa halijazama walipoingia chumba kile. Fundi alivua koti la kuazima, akaliegemeza godoro ukutani, akaanza na bolti za miguuni. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito za zamani, bolti zimeshika kutu, na moja ilikataa mpaka aliipiga kwa nyundo. Tafadhali alikuwa amesimama upande wa kichwani, mahali mama alipokuwa analaza kichwa, ameshika ubao kwa mikono miwili.

"Inua upande wako," alisema. "Hapana, juu zaidi. Geuza. Polepole, utakwangua mlango."

Mlangoni ubao ulikwama, yeye yuko chumbani, Fundi yuko sebuleni, katikati yao kichwa cha kitanda cha mama. Hakikwenda mbele wala nyuma. Fundi alichungulia juu yake, jasho linamtoka, tai ya kuazima iko mgongoni.

"Nataka kukuoa," alisema.

Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile ambacho mama alikuwa amekilalamikia. Midomo ya Tafadhali ilianza kutafuta pa kupitia, ikakutana na maneno yote laini aliyoyajua tangu utotoni, ikayaacha.

"Nataka," alisema. "Sasa vuta, mikono inaniuma."